Neno Alilolikosea Baba

Ubao wa baba ulinuka muhogo. Chaki zilikuwa zimekwisha tangu vita vya pili vya Kongo vilipoifunga barabara ya Uvira, na baba, mtu asiyekubali kushindwa na jambo dogo, alichukua vipande vya muhogo mkavu ambavyo mama alikuwa amevianika kwa ajili ya unga, akavichonga kwa kisu hadi vikawa vyembamba kama vidole vya mtoto, akaandikia. Maandishi yalitoka meupe yenye mikwaruzo, na harufu yake chachu ilichanganyika na ile ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliokuwa wakianikwa mchangani, hatua chache kutoka nyumbani kwetu mjini Baraka. Somo lilipokwisha, kuku walikimbilia chini ya ubao kudonoa unga ulioanguka, na baba alisema hao ndio wanafunzi wake wasiokosa hata siku moja.

Alikuwa mwalimu wa Kiingereza, jambo la ajabu kidogo katika mji ambao watu wake husoma kwa Kifaransa, husali kwa Kiswahili na hugombana kwa Kibembe. Alikipata ng'ambo ya ziwa, Kigoma, alikolelewa na shangazi yake, na alikipenda kama mtu anavyolipenda koti lake moja zuri. Shule yake ilikuwa imegeuzwa kambi, madawati yakaishia chini ya sufuria za askari. Kwa hiyo alitufundishia uani, watoto sita: mimi Nyota, niliyekuwa na miaka kumi na moja, Asende mtoto wa jirani ambaye tulikuwa rika moja, na wengine wanne wa mtaani. Asende alikuja na mdogo wake Heri, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili. Mimi sikuwa na mdogo, nikamfanya Heri kuwa wangu. Nilimfunga mgongoni kwa kikwembe cha mama, nikaandika huku akinipumulia shingoni. Kitabu chetu kilikuwa kimoja tu, kamusi nene ya Kiingereza na Kifaransa. Hata hiyo haikuwa nzima, maana mama aliuza karanga za kukaanga, na karatasi za kufungia zilipopotea sokoni baba alimruhusu kuchana kurasa za mwisho. Alisema hakuna mtu aliyewahi kufa kwa kukosa maneno yanayoanza na herufi ya mwisho.

Tulikuwa tumeona ambayo mtoto hapaswi kuyaona. Askari waliingia mjini asubuhi ya soko, wakifyatua risasi kuanzia upande wa mto Mutambala, na mtu wa kwanza niliyemwona akifa alikuwa muuza chumvi. Aliinama kama anayetafuta kitu, akalala kifudifudi juu ya chumvi yake, na chumvi ikawa nyekundu. Lakini damu haikumwagwa na wageni peke yao. Wiki chache kabla, mama mmoja wa Bibokoboko, juu mlimani, aliyezoea kushuka na kibuyu cha maziwa alipigwa mawe na vijana wa mtaa wetu, eti kwa sababu lugha ya nyumbani kwake ilifanana na ile ya askari waliokuwa wakitajwa redioni. Kibuyu kilivunjika, maziwa yakamtiririka pamoja na damu kutoka kichwani. Mama yangu alimwosha nyuma ya nyumba, akampa nguo, naye akaupanda mlima bila kugeuka nyuma. Sijui kama alifika. Wanasema tembo wakipigana nyasi ndizo huumia, lakini mwaka ule niliona nyasi nazo zikikatana zenyewe.

Katikati ya hayo yote baba aliendelea kutufundisha maneno. Siku moja alitoka na kibati kidogo cha cherehani ya mama, kile cha kuwekea sindano za akiba, bobini za uzi na miguu ya kubadilisha, akatuonyesha neno lililochapwa juu ya kifuniko: accessories. Akaliandika ubaoni. Alitueleza kuwa Waingereza hulitumia kwa vitu vinavyofuatana na kitu kikuu: cherehani ndiyo kubwa, hivi ni vya pembeni, baiskeli ndiyo kubwa, kengele na taa ni vya pembeni. Kisha akainua kidole, kama alivyofanya kila alipotaka tusisahau. Neno hilohilo, alisema, likiingia mahakamani linageuka kuwa mtu. Ni yule anayemshikia mwizi ngazi, anayempa muuaji chakula, anayejua na kunyamaza. Asende aliuliza ni vipi neno moja liwe sindano na liwe mtu. Baba alicheka. "Ndiyo maana ninawafundisha kuangalia neno liko wapi," alisema. "Neno likiwa peke yake halina uso."

Haikupita muda, watu wa msituni wakalishambulia lori la askari kwenye barabara ya kwenda Fizi. Askari watano walikufa. Kesho yake walipita nyumba hadi nyumba mtaani kwetu, kwa kuwa ilisemekana washambuliaji walivushwa ghuba kwa mitumbwi ya wavuvi wetu. Walikamata wanaume tisa. Mmoja wao alikuwa Papa Asende, baba wa rafiki yangu na wa Heri. Waliwafunga mikono nyuma hadi vifua vikatokeza kama vya ndege, wakawalaza juani katika uwanja wa shule, wakawa wakitembea juu yao kwa viatu. Kutoka uani kwetu tuliwasikia. Mwanzoni walilia wakiita mama zao. Baadaye walilia bila maneno.

Siku ya pili, jua likiwa la saa nne, liwtena aliyekuwa akiongoza kikosi alikuja kwetu na askari wawili. Alikuwa kijana mrefu mwenye macho mekundu ya kutolala, akizungumza Kiswahili kama chetu na Kifaransa cha shule. Mkononi alikuwa na karatasi kutoka kwa mkubwa wake wa Uvira, mtu wa nchi jirani aliyekuwa akiandika amri zake kwa Kiingereza. Mama alikuwa sokoni. Wanafunzi wenzangu waliruka ua. Nilibaki mimi, na Heri amelala mgongoni.

"Mwalimu, iko unasoma Kingereza?"

"Kidogo, mukubwa."

"Soma hapa. Batu babili bako na majina, nibatume Uvira. Hiyo nimesikia. Lakini hii neno ya chini, mi naona kama ni Kifaransa, kama vyombo. Vyombo gani? Iko na maana gani?"

Baba aliipokea karatasi. Mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, na barua ilikuwa imepigwa taipu kwa herufi kubwa, hivyo nililiona neno lile kwa macho yangu kabla hajafungua kinywa. Amri ilisema wakuu wawili wapelekwe, na chini yake accessories, pamoja na agizo la kumaliza bila kubakiza. Kiswahili kisingeweza kuficha jambo kama hilo. Mtu akisema kwa Kiswahili lazima achague, wote au vyote. Kiingereza kilikuwa kimeficha. Baba aliisogeza karatasi karibu na macho. Akasema kwa sauti yake ya darasani, "Ni vyombo, mukubwa. Vitu vyenye kufwata kitu kikubwa. Mitumbwi, nyavu, karabai za kuvulia. Vyenye vilibasaidia kuvuka. Anasema vyote vichomwe."

"Na batu?"

"Batu ni bale babili tu. Bengine hakuandika."

Liwtena aliichukua karatasi, akaikunja. Kisha akasema, "Leta kamusi. Shule yenu yote iko na kamusi."

Baba hakubadilika uso. "Nyota," aliniita, "leta kitabu. Enda polepole, usimwamshe mtoto." Nilielewa. Sijui mtoto wa miaka kumi na moja anaelewaje jambo la namna ile, lakini nilielewa kama mtu anavyojua moto unaunguza. Niliingia ndani, nikaifungua kamusi juu ya kitanda, nikaupata ukurasa. Neno lilikuwa pale, na mbele yake maneno mawili ya Kifaransa: la kwanza la vyombo, na la pili, complice, mshiriki wa uovu, ambalo hata liwtena asiyejua Kiingereza angelisoma bila kuuliza mtu. Karatasi ile ilikuwa ngumu, ingelia ikichanwa, na kati yetu na askari kulikuwa na pazia tu. Nikapeleka mkono nyuma, nikamfinya Heri pajani kwa nguvu zangu zote. Alipopiga ukelele niliuchana ukurasa. Nikaupeleka mekoni, nikaukandamiza ndani ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo, iliyokuwa ikichemka, nikatoka na kitabu huku nikimbembeleza mtoto.

Liwtena alifungua mahali pa herufi ya kwanza, akafuata kwa kidole. "Ukurasa iko wapi?"

"Bibi yangu anafungaga karanga," baba alijibu. "Angalia nyuma."

Aliangalia nyuma, akaona kurasa zilizonyofolewa kwa makumi, akacheka kwa mara ya kwanza. Aliitupa kamusi chini, mbele ya kuku. "Vyombo basi," akasema, na wakaondoka.

Mchana ule Baraka iliungua kutokea majini. Walimfungua Papa Asende na wenzake sita, wakawachapa kwa mikanda na vitako vya bunduki, wakawalazimisha kuburuta mitumbwi ya mtaa mzima hadi mchangani, yao wenyewe na ya watu wengine ambao hawakuhusika na lolote. Nyavu zilirundikwa juu, zikamwagiwa petroli. Mzee mmoja alijilaza juu ya wavu wake mpya akasema wamchome nao. Walimvunja mkono ndipo akaachia. Moshi wa nailoni ni mweusi na mzito, na ulitukaa kooni kwa siku nyingi. Wakati huohuo wale wawili wenye majina, mvuvi mmoja na katekista mmoja, walipandishwa kwenye lori. Mke wa katekista aling'ang'ania ubao wa nyuma, akakimbia nao, hadi askari alipomponda vidole kwa kitako cha bunduki. Hao wawili hawakurudi. Baba alisimama mlangoni akitazama lori likipotea, na nilimsikia akiyataja majina yao kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, kama anayeita mahudhurio darasani. Papa Asende na wenzake waliachwa mchangani wakivuja damu. Alfajiri walipita mabwawani kwenda kujificha Ubwari, wakiwaacha wake na watoto.

Siku ya tatu mkubwa wa Uvira alikuja mwenyewe. Baba aliitwa barabarani, karibu na soko, na watu wakakusanywa watazame. Mkubwa yule alikuwa mtu mfupi, msafi, aliyenyoa vizuri. Alianza kwa kumzaba liwtena kofi mbele ya askari wake, kisha akamgeukia baba akimfokea kwa Kiingereza, akiigongagonga karatasi kwa fimbo. Mimi nilikuwa nimeshika kikwembe cha mama. Katika umati ule wote, mimi peke yangu nilielewa kidogo alichouliza: ulijua, au hukujua? Na hapo ndipo nilipomsikia baba yangu, aliyekuwa akitukemea kwa kusahau herufi moja, akijibu kwa Kiingereza kibovu kuliko cha mtoto wa siku ya kwanza. Alivivunja vitenzi, akachanganya yeye na mimi, akatumbukiza Kifaransa, akacheka kijinga katikati. Alirudia kuwa hajui, hajui, yeye mwalimu wa kijijini tu. Mkubwa alitema mate. Nadhani alimdharau kiasi cha kuona risasi ni hasara. Akaamuru apigwe. Walimpiga mpaka meno manne ya mbele yakatoka na mfupa wa bega ukachomoza chini ya ngozi, na wakati wote huo baba alilia kwa lugha ileile mbovu, hakusahau hata mara moja.

Mji mzima uliona, na mji mzima ukapata maelezo yake. Mwalimu alidanganya kwamba anajua Kiingereza. Aliisoma barua vibaya, ingawa hakuna aliyejua ilitaka nini hasa. Nyavu za watu zikachomwa bure. Walimpa jina, Mwalimu Hajui, na lilimshika kama kupe. Mama aliponyanyua mdomo kumtetea alimzuia kwa jicho. Kwa meno yaliyobaki alituambia wote wawili kuwa mdomo ukifunguka, wale saba wataandamwa hadi Ubwari, na sisi pia. Siri ya mtungi, alisema, tuiachie kata.

Halafu ikaja njaa. Mji wa ziwa usio na nyavu ni kama shamba lisilo na jembe. Ndagala waliokuwa wakinuka kila asubuhi walitoweka, tukala bugali wa muhogo kwa sombe isiyo na chochote, na barabara ya kwenda Lulimba ambako tungepata maharagwe ilikuwa na vizuizi vya kila mwenye bunduki. Watoto wadogo walianza kuvimba miguu, nywele zikawa rangi ya kutu. Kwetu huitwa bwaki. Heri alivimba kwanza usoni, tukadhani amenenepa. Niliendelea kumbeba, naye akawa haniwekei tena kichwa shingoni, alikilegeza tu kando. Kwenye paja lake nilikuwa nikitafuta alama ya vidole vyangu, ingawa ilikuwa imefutika zamani. Alikufa asubuhi moja mama yake akimpikia uji. Baba yake alikuwa bado Ubwari, asijue.

Baada ya maziko Mama Asende alivuka ua, akasimama mbele ya baba aliyekuwa ameketi na mkono wake umefungwa kwa kitambaa. Hakupaza sauti. "Mwalimu," alisema, "banasema ile neno ilikuwa ya vitu bya pembeni. Na mutoto wangu, naye alikuwa kitu ya pembeni?"

Baba aliinuka kwa shida. Wale saba walikuwa wazima, mmoja wao mume wa mwanamke huyu, na kwa sentensi moja angeweza kujiokoa. "Nilikosea, mama," alisema. "Sikujua. Unisamehe." Siku nyingi zilipita. Ndipo Mama Asende akaja tena na bakuli la majani ya maboga, akaliweka mlangoni, akasema mwenye kukosa bila kujua Mungu mwenyewe humsamehe, yeye ni nani asisamehe. Baba alimshukuru. Kisha akaingia ndani, akageukia ukuta, na mabega yake yakatikisika, lile zima na lile lililovunjika.

Vita viliisha kwa namna vinavyoishaga kwetu, kipande kwa kipande. Papa Asende alirudi, wakazaa watoto wengine watatu. Baba aliishi miaka mingi akifundisha Kiswahili tu. Kiingereza hakukitamka tena mbele za watu. Mara moja, nikiwa mtu mzima, nilimwomba aseme ukweli, hatari ilikuwa imepita. Alinijibu kuwa yule mama amemsamehe mtu aliyekosea. "Nikimwambia nilichagua," aliuliza, "atamsamehe nani?"

Alifariki kitandani pake, mzee, na tukakaa matanga. Watu walisimama mmoja mmoja kumkumbuka, na katikati ya maneno mazuri ikaja ile hadithi ya zamani. Aliyeisimulia alikuwa Papa Asende mwenyewe, kwa upendo kabisa, akiigiza jinsi mwalimu wetu alivyokuwa akijikanyaga kwa Kiingereza mbele ya mkubwa wa askari. Watu walicheka. Naye alicheka, mwanaume mwenye mvi ambaye kama si kicheko kile cha kijinga cha baba angekuwa mifupa mchangani. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nalijua hilo, lakini nilisimama. Nilisema barua ilivyosema. Nilisema neno lina maana mbili na baba alizijua zote mbili. Nilisema juu ya ukurasa. Hata kumfinya Heri nilikusema.

Papa Asende aliketi chini, si kwenye kiti, chini kabisa, akaanza kulia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu uwanja wa shule. Mama Asende yeye hakulia. Alinitazama akauliza, "Kumbe alijua?"

"Alijua, mama."

"Mi nilisamehe mutu mwenye hakujua," alisema. Akafikiri. "Huyu mwengine, mi sikumufahamu." Akajifunga kikwembe chake vizuri, akaenda nyumbani kwake kabla ya chakula.

Leo ninafanya kazi ya ukalimani Lusenda, kambini, kati ya Warundi waliokimbia vita vyao na wageni wanaowaandika majina kwa Kiingereza. Baraka imekua, mitumbwi ina mashine, vijana wanavua kwa taa za betri, na simu ya mwanangu humpa maana zote za neno kabla sijamaliza kulitamka. Nafurahi kwamba yeye anapotafuta neno hakuna askari mlangoni. Lakini mimi, kila ninapokaa katikati ya watu wawili, mmoja akiwa na kalamu na mwingine akiwa na maisha yake mikononi, huwa nasita kabla ya kusema wote au vyote, na wageni hudhani sijui lugha. Papa Asende hupalilia kaburi la baba bila kuombwa. Mama Asende tukikutana njiani hunijibu salamu yangu, huniuliza watoto, lakini mkono hanipi. Nami huuacha mkono wangu ukining'inia, nikampisha apite.